Video za mwendo wa polepole: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Dodoma

Mbukwenyi! Ukurasa huu ulianza baada ya mimi kuchoka kujibu maswali yaleyale kwenye simu, mengi yakiingia Ijumaa usiku wakati harusi ni Jumamosi. Kazi yetu ni video, Dodoma mjini na wilaya za jirani: harusi, sendofu, ngoma, matangazo ya mashamba ya zabibu na ya mashine za kukamua alizeti. Mwendo wa polepole, ambao sisi wa kazi tunauita slomo, ni sehemu ndogo ya shughuli zetu, ila ndio unaoulizwa kuliko vyote.

Slomo si kupunguza tu spidi kwenye programu ya kuhariri?

Hapana. Video ya kawaida kwetu ni fremu 25 kwa sekunde, yaani picha mgando 25 zinazopita upesi kiasi kwamba jicho linaona mwendo. Ukiivuta video hiyo iwe ndefu mara nne, picha ni zilezile 25. Programu itarudia kila fremu mara nne, mwendo uwe wa kurukaruka, au itabuni fremu ambazo kamera haikuziona. Siku hizi programu zinabuni vizuri, sikatai. Lakini mtazame bibi harusi akipita mbele ya pazia lenye nakshi: kingo za shela zinayeyuka kama mshumaa, na mtu wa kwanza kuliona hilo ni yeye mwenyewe.

Slomo ya kweli huanzia kwenye kamera. Unanasa fremu nyingi, halafu unazionyesha kwa mwendo wa kawaida. Hesabu yake ni ya kugawanya tu. Ukinasa fremu 240 kwa sekunde, 240 kwa 25 ni 9.6, basi sekunde moja ya tukio inakaa kwenye skrini karibu sekunde kumi. Ukipiga fremu 1,000, sekunde hiyo moja inakuwa 40. Kabla hujaitamani, hebu hesabu hadi 40 ukiwa umekaa kimya, uone ni muda gani unamwomba mtazamaji wako.

Simu yangu inatosha?

Kwa mambo mengi, ndiyo. iPhone zilianza fremu 120 mwaka 2013 na ile ya 5s, mwaka uliofuata iPhone 6 ikaja na 240, na leo simu nyingi za bei ya kati zinafika huko. Shida iko kwenye zile zinazotangazwa kwa fremu 960. Galaxy S9 ya mwaka 2018, kwa mfano, ilizinasa kweli, ila kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde na kwa ubora wa 720p, yaani picha yenye nukta 720 tu kwa wima. Ukipepesa jicho tu, tukio limepita. Nyingine zinaandika 960 kwenye boksi huku fremu nyingi zikiwa zimebuniwa na programu iliyo ndani ya simu. Jipimie mwenyewe: piga maji yanayodondoka bombani. Matone yakionekana yanavutana na kuachana kama uji, hizo si fremu, ni ubunifu.

Kamera za kasi zenyewe ni ukoo mwingine. Chronos 1.4, inayotengenezwa Kanada, hunasa fremu 1,069 kwa sekunde kwenye picha ya nukta 1280 kwa 1024. Phantom Flex4K hufika fremu 1,000 hivi kwa ubora wa 4K. Watu wa kipato chetu hawazinunui, wanazikodi kwa siku, tena wakiwa wameshamaliza mazoezi kwa simu.

Nichague fremu ngapi?

Usiangalie kitu kina kasi gani. Angalia kinavuka picha yako kwa muda gani. Treni ya SGR ikija Dodoma kwa kilomita 160 kwa saa inakwenda mita 44 kila sekunde. Ukiipiga kwa fremu 240, kati ya fremu moja na nyingine imesogea sentimita 18 tu, na ukiwa mbali nayo sentimita 18 si kitu. Inaonekana laini kabisa. Punje ya uwele inayoruka mbele ya lenzi, kwa upande mwingine, ina kasi ya mtoto anayekimbia, lakini imejaza picha na inatoka upande wa pili kabla hujashtuka. Punje ndiyo inayodai fremu nyingi kuliko treni.

Kwa mazoea yangu: mtu anayetembea au kugeuka, 50 hadi 100. Ngoma, watoto wakirukaruka, mbuzi wakitoka zizini, 120 hadi 240. Kizibo cha shampeni, kioo kinachovunjika, njiti ya kiberiti inayoshika moto, hapo ndipo elfu moja ina maana.

Mbona video yangu ya fremu 240 ni nyeusi?

Hili ndilo swali hasa, na ningeulizwa hili peke yake ningeridhika.

Ukipiga fremu 25, shata, yaani mlango wa kamera unaoingiza mwanga, hukaa wazi kwa 1/50 ya sekunde. Ukipanda hadi 240, shata haiwezi kukaa wazi zaidi ya 1/240, maana fremu inayofuata inasubiri, na ili mwendo uonekane wa kawaida inatakiwa iwe karibu 1/480. Sasa linganisha 50 na 480: mwanga umepungua mara 9.6. Tukio umelirefusha mara ngapi? Mara 9.6. Slomo inalipiwa kwa mwanga, shilingi kwa shilingi, wala hakuna kamera inayokopesha. Simu inachofanya gizani ni kupandisha ISO, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, hadi picha ijae chenga.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaotaka kukopa fedha za kamera: hapa Dodoma tayari mna kifaa ghali kuliko vyote. Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni yao kwa jua kali: ISO 100, tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), shata 1/100. Anzia hapo. Ukifungua tundu hadi f/4, shata inaweza kufika 1/1600 na picha ikabaki na mwanga uleule. Hiyo inatosha kwa fremu 800 kwa sekunde, bila taa, bila jenereta, bila kumbembeleza mtu wa umeme. Kuanzia Juni hadi Oktoba anga letu halina wingu wiki nzima. Jua hilihili tunalolikimbia chini ya miembe, studio za ng'ambo zinalitengeneza kwa taa kubwa ndani ya nyumba.

Ila jua la saa sita mchana liache. Linashuka wima, macho ya watu yanakuwa mashimo. Saa tatu asubuhi ni nzuri, na saa kumi na nusu jioni ni nzuri zaidi, jua likiwa nyuma ya unachokipiga. Maji, vumbi, moshi na jasho havionekani kwa mwanga wa mbele. Vinahitaji kuangazwa kutoka mgongoni.

Nina mfano ninaoupenda. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT kule Marekani, alisifika kwa picha za tone la maziwa likitua na kutengeneza taji, na za risasi ikipita kwenye tofaa. Wengi hudhani alikuwa na kamera yenye shata ya ajabu. Siri ilikuwa taa: mmweko mfupi mno gizani, na kamera ikipokea kile tu ambacho mmweko umekigusa.

Mbona taa za ukumbi zinapepesa kwenye slomo, na kwa macho sikuona kitu?

Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa inayoufuata huongezeka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Kamera ya fremu 240 inaona vizuri sana, na ukiichezesha polepole mara 9.6, kufifia kule mara 100 kunakuwa mara kumi hivi kwa sekunde. Kumi ni idadi ambayo jicho haliwezi kuivumilia.

Nililijua hili kwa aibu. Harusi moja mjini hapa, nilipiga maharusi wakiingia ukumbini kwa fremu 240 mwanzo mwisho, taa za LED zimejaa dari nzima. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilikuwa shwari. Nyumbani usiku nilipofungua laptopi, ukumbi mzima ulikuwa unapiga radi, na bibi harusi katikati anatabasamu kama yuko kwenye dhoruba. Sikuwa na fremu za kawaida za dakika zile. Mama yake alipoiona alisema kwa upole, "Mwanangu, kwani umeme ulikuwa unakatika?" Nilirudisha sehemu ya malipo.

Dawa ipo, na haigharimu kitu. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, toka NTSC (mfumo wa video wa nchi zenye umeme wa mizunguko 60) uende PAL (wa nchi za mizunguko 50 kama yetu), upate fremu 50 na 100 badala ya 60 na 120. Piga 100 na shata iwe 1/100. Kila fremu sasa inameza wimbi moja zima la taa, kufifia na kung'aa pamoja, na zote zinatoka sawa. Unapata mwendo wa polepole mara nne, unaotosha kwa harusi yoyote niliyowahi kuiona. Taa zenye kipunguza mwanga ni kesi nyingine, kwa kuwa nyingi zinazima na kuwaka kwa mwendo wao wenyewe. Mwombe fundi wa ukumbi aziwashe hadi mwisho. Na popote uwapo, piga sekunde tano za majaribio mapema, uzitazame zikiwa zimepunguzwa mwendo, wageni wangali nje wanasalimiana.

Nimekodi kamera ya kasi. Nibonyeze lini?

Baada ya tukio. Naandika tena: baada.

Picha ya 1280 kwa 1024, isiyobanwa, kwa fremu elfu moja, ni karibu GB 2 kila sekunde. Hakuna kadi ya kawaida inayomeza kiasi hicho. Kwa hiyo kamera inaandika kwenye memori yake ya ndani kwa mzunguko, kama ng'ombe anayezunguka kisiki: ikijaa inarudi mwanzo na kufuta ya zamani. Memori ya GB 8 inabeba sekunde nne. Wakati wowote, kamera inazo sekunde nne zilizopita tu. Ukibonyeza, inasimama na kukuhifadhia hizo.

Mara ya kwanza niliikodi kutoka Dar kwa siku moja. Nikaenda kijiji kimoja cha Chamwino, jioni, kumpiga picha mama mmoja anayepepeta uwele. Upepo safi, jua nyuma yake, kila kitu mahali pake. Akanyanyua ungo, nikabonyeza, nikidhani ndiyo kuanza kurekodi. Nikaangalia: sekunde nne za mama amesimama, ungo kiunoni, anasubiri upepo. Nikamwomba arudie. Nikabonyeza tena akinyanyua. Mama yuleyule, amesimama, anasubiri upepo. Mara ya tatu aliniangalia akasema, "Mwanangu, uwele umeisha."

Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mama naye akacheka, akazoa makapi kutoka mkekani, akayachanganya na uwele uliokwisha kusafishwa, akapepeta upya kwa ajili yangu. Safari hii nilisubiri ungo ushuke kabisa ndipo nikabonyeza. Nazitazama sekunde zile hadi leo. Punje zinapanda pamoja kama kundi, zinafika juu, zinasita. Hapo upepo unachagua: punje zinarudi chini wima kama pazia la shanga, makapi yanabaki yametundikwa hewani, yanainama upande mmoja, yanaondoka kama moshi. Punje moja inagonga ukingo wa ungo na kuzunguka mahali pake, inazunguka, inazunguka, ndipo inaingia ndani. Kwa macho, yote hayo ni "shwaa" moja.

Vumbi la hapa halitaua kamera?

Litaua usipoangalia. Vumbi letu ni laini na upepo wa kiangazi haupumziki. Usibadilishe lenzi nje. Ingia ndani ya gari, funga vioo, ndipo ubadilishe. Kamera ivalishwe mfuko wa plastiki, lenzi pekee itoke. Pulizia kwa pampu ndogo ya mkono kabla ya kufuta, maana ukifuta vumbi likiwepo unaikwangua lenzi. Na tafadhali usipulize kwa mdomo.

Simu ikipata moto juani hupunguza mwanga wa skrini au hufunga kamera kabisa. Iweke kivulini kati ya picha na picha. Usiiweke kwenye friji, kama alivyofanya kijana wangu mmoja. Ilitoka na unyevu ndani ya lenzi.

Ngoma ya muheme inapigwaje kwa slomo?

Wanawake wa Kigogo hubana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Wageni wengi hupiga picha ya kundi zima kutoka mbali, na kwa slomo picha hiyo haina kitu. Omba ruhusa kwa kiongozi wa kikundi, shikamoo yako itangulie, kisha shuka chini hadi lenzi ilingane na ngozi ya ngoma. Fremu 240. Kiganja kinapotua, ngozi inabonyea, vumbi lililokaa juu yake linaruka kama duara, na shanga za shingoni zinachelewa kidogo kumfuata mwenyewe. Hizo shanga ndizo zinazonirudisha kila mara.

Sauti iache pembeni. Mlio wa mitetemo 200 kwa sekunde ukivutwa mara 9.6 unabaki mitetemo 21, karibu kabisa na mwisho wa kile sikio linaweza kusikia. Utapata mngurumo wa lori. Weka simu nyingine irekodi ngoma kwa mwendo wa kawaida, uje uipandishe juu ya picha. Picha polepole na ngoma kwa mwendo wake halisi vinakubaliana vizuri kuliko unavyodhani.

Naweza kufanyiwa harusi nzima kwa slomo?

Unaweza, ukitafuta mwingine. Slomo ina kazi pale jicho liliposhindwa kuona. Shangazi anayekata keki kwa utaratibu wake alishaonekana na kila mtu. Ukimpunguza mara nne unapata shangazi aliyechoka. Kwa harusi inayochukua saa sita mimi hubakiza dakika mbili hivi za slomo: mchele au maua yakirushwa, kizibo cha shampeni, bwana harusi anaporushwa juu na marafiki, na machozi ya baba yakianza kushuka, kama yatashuka. Mara nyingi naanza kwa mwendo wa kawaida, napunguza pale pale kitu kinapoachia mkono, kisha narudisha.

Klipu zinakula nafasi kiasi gani?

iPhone kwa 1080p na fremu 240 hutumia MB 480 hivi kwa dakika. Futa zilizoharibika palepale. Kwa kuhariri, DaVinci Resolve ya bure inatosha: iambie klipu isomwe kwa fremu 25, usitumie kitufe cha kupunguza spidi.

Kuna mahali sipaswi kupiga?

Dodoma ni makao makuu. Ofisi za serikali, reli, uwanja wa ndege, kote huko omba ruhusa kwanza, hata kama una simu tu. Droni inahitaji kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na ng'ombe wa mtu wapigwe picha mwenyewe akijua; kamera inayomvizia mfugaji kutoka kichakani haijibiwi kwa maneno.

Na michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa?

Ni Urithi wa Dunia tangu 2006, kaione. Ila kwa slomo? Kaka, ile michoro haijasogea tangu ichorwe.

Nina simu tu, na Jumapili moja. Nianze na nini?

Tone moja la maji na vumbi. Saa kumi na nusu jioni, nyuma ya nyumba, tandaza vumbi kavu kwenye sinia. Toboa kifuniko cha chupa ya maji kwa sindano, mtu aishike juu kama urefu wa mlango. Simu iegemee tofali, lenzi ilingane na ukingo wa sinia, jua liwe upande wa pili. Weka njiti ya kiberiti mahali tone linapoangukia, gusa skrini hapo hadi fokasi ijifunge, kisha ondoa njiti. Fremu 240.

Tone la kwanza litakosa. La nne au la tano litapata. Utaona vumbi likifunguka kama kikombe, tone likijitandaza ndani yake, halafu likijikunja na kuruka tena likiwa limevaa vumbi mwili mzima, duara la rangi ya udongo, likiwa na maji ndani.